Kete katika shimo lisilo lake

Jumamosi, usiku. Umeme upo, feni inazunguka, na aibu ya Alhamisi bado haijanitoka.

Alhamisi saa nne asubuhi nilishuka mwenyewe hadi uhasibu, nikachomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta ya mama mmoja aliyekuwa katikati ya kuandaa mishahara. "Shikamoo mama. Samahani, mashine yako ina kirusi." Akaniangalia juu ya miwani. "Marahaba. Kirusi kimepitia wapi, mbona hata flashi sijachomeka mwezi mzima?" Nikamjibu kitaalamu, ile lugha tunayoitumia tukitaka mtu asiendelee kuuliza.

Mashine ilikuwa nzima kabisa. Kilichooza ni kanuni niliyoiandika mimi, tena ni alama moja tu ndani yake.

Ofisini tuna Suricata, programu ya ulinzi inayosikiliza pakiti zote (vipande vya data) zinazoingia na kutoka. Nilitaka inishtue pale kompyuta inapouliza DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba za mtandao, majina mengi yasiyokuwepo. Dalili hii ni ya zamani ila haijachakaa: kirusi cha Conficker, toleo la C la mwaka 2009, ilikuwa ikijitungia majina 50,000 kila siku na kuchagua 500 ya kujaribu, ikimtafuta bwana wake. Majina mengi ya namna hiyo hakuna aliyeyasajili, kwa hiyo jibu linalorudi ni NXDOMAIN, yaani jina halipo. Kompyuta ikipata majibu 50 ya aina hiyo ndani ya sekunde 10, nikasema, nipigie kengele.

Kichwa cha ujumbe wa DNS kina baiti 12. Mbili za mwanzo ni namba ya swali, mbili zinazofuata ni bendera, na jibu ninalolitafuta limejificha kwenye biti nne za mwisho za baiti ya nne.

Aliyecheza bao atanielewa haraka. Baiti ni safu moja ya bao: mashimo 8, na kila shimo, yaani biti, ama lina kete moja ama ni tupu. (Na bao zima, safu 4 za mashimo 8, ni mashimo 32, upana uleule wa mstari mmoja, biti 32, kwenye michoro ya kichwa cha pakiti ya IP. Hakuna aliyepanga, lakini hunifurahisha kila nikiuchora.) Kwenye safu yangu, shimo la kwanza kushoto ni RA, seva ikisema iko tayari kukutafutia. Matatu yanayofuata yana kazi zake. Manne ya mwisho ndiyo hukumu: 0 ni salama, 2 ni SERVFAIL (seva imeshindwa), 3 ni NXDOMAIN, 5 ni kukataliwa.

Kanuni ya kwanza niliandika `byte_test:1,=,3,3`. Ruka baiti 3, chukua 1, iwe sawasawa na 3. Ikakaa kimya siku tatu, nami nikatamba kwamba mtandao wetu ni safi. Kumbe seva yetu huweka kete kwenye shimo la RA kila inapojibu, na kete ya shimo hilo ina thamani ya 128. Safu nzima ilikuwa inasomeka 131, haiwezi kuwa 3 hata siku moja. Wireshark, programu ya kutazama pakiti, ilikuwa ikinionyesha bendera 0x8183 mchana kweupe; hiyo 83 ya mwisho ndiyo 131 kwa hesabu ya kumi na sita.

Kuhesabu nako kulinila jioni nzima. RFC 1035 ya mwaka 1987, waraka wa kanuni za DNS, inahesabu biti kutoka kushoto kuanzia 0, kwa hiyo hukumu yangu iko biti ya 12 hadi 15. Mkono wangu umezoea kuanzia kulia: 1, 2, 4, 8. Ni kama saa ya ukutani inayoonyesha 10 nami nasema saa nne. Hakuna anayekosea, mpaka watu wawili wapange kukutana.

Basi nikabadilisha alama: `byte_test:1,&,3,3`. Nilidhani nimeuliza, "Mashimo mawili ya mwisho yote yana kete?" Lakini & haiulizi hivyo. Yenyewe huuliza kama kuna kete katika lolote kati ya mashimo hayo. Ikipata hata moja, imeridhika. Kwa hiyo 1 inapita, 2 inapita, 3 inapita, na hata 5 inapita, maana ni 4 na 1.

Alhamisi faiba ikayumba. Seva yetu ya DNS ikashindwa kuwafikia wenzake wa nje, ikawa inamjibu kila mtu SERVFAIL, ile 2 inayopita. Programu ya mishahara, ambayo haina subira, ikawa inauliza jina la benki tena na tena. Ndiyo maana mama wa uhasibu alikuwa wa kwanza. Kufika saa tano mashine nyingine kumi na moja zilikuwa "zimeambukizwa", ya kwangu ikiwemo. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Dawa ya kizamani ni kuuliza mara mbili, `&,1` kisha `&,2`. Inafanya kazi, ila 7 nayo inapenya, na 11. Nimeandika hivi: `byte_test:1,=,3,3,bitmask 0x0F`. Funika mashimo manne ya kushoto, kisha yaliyobaki yawe 3 kamili. Leo nimeirudishia pakiti nilizonasa Alhamisi. Zile za 0x8182 imezipita kimya, na za 0x8183 nilizozitengeneza mwenyewe imezishika.

Natamani kila kitu kingekuwa kama RFC 3514 ya Steven Bellovin, ya tarehe 1 Aprili 2003, siku ya wajinga, inayowataka washambuliaji wawashe "biti ya uovu" kwenye kichwa cha IP ili tuwatambue. Kuna kanuni ya maneno mawili tu ya kuikamata, `fragbits:R`. Bado nasubiri mwizi mwaminifu.

Jana nilirudi uhasibu kuomba radhi. Nikamweleza yote, safu, mashimo na kete. Akasikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo mishahara ingechelewa kwa ajili ya kete moja?" Ndiyo, mama. "Na wako ungekuwemo?" Nao ungekuwemo. Akacheka, akarudi kwenye kazi yake.

Imebaki kanuni ya DNS inayopita kwa TCP, njia nyingine ya kusafirisha ujumbe huohuo. Huko ujumbe hutanguliwa na baiti 2 za urefu, kwa hiyo kuruka 3 kunakuwa kuruka 5. Nimeshaiandika, ila sijaiwasha. Kwanza mishahara iingie.