Tulivyopanga Filamu Fupi ya Fumbo Kutokana na Ujumbe wa M-Pesa

Kazi ya muhula ilikuwa filamu fupi ya fumbo na taharuki isiyozidi dakika nane, na mwalimu wetu alitoa sharti moja: hakuna kamera itakayotoka stoo kabla hajasoma faili ya utafiti. Darasa liliguna. Mimi nilishukuru kimoyomoyo. Filamu nyingi za wanafunzi nilizotazama hapa Nairobi huanza na mtu anayekimbia gizani, huisha na mtu anayeamka kitandani kumbe ilikuwa ndoto, na katikati hakuna ajuaye nani alimfanyia nani nini, akiwemo mwandishi mwenyewe.

Tulikuwa wanne: mimi wa skripti, Otis wa kamera, Mueni wa sauti, na Halima wa bajeti, ambayo ukweli ni kwamba ilikuwa nauli, chapati na madondo. Tuliapa kutoandika hata mstari wa skripti kabla ya kujua mhalifu ni nani, alifanyaje, na ni kitu gani kidogo kilichomuumbua. Hicho cha mwisho ndicho kilichokula muda wetu. Nywele, alama za vidole, tone la damu, vyote vinahitaji maabara, na maabara katika filamu ya mwanafunzi huwa ni chumba cha kemia cha shule ya sekondari na rafiki aliyeazima koti jeupe. Tulitaka kidokezo ambacho mtazamaji wa Nairobi anacho mfukoni muda wote na hajawahi kukitazama.

Halima ndiye aliyekileta. Yeye ni mweka hazina wa chama kidogo cha kuweka akiba mtaani kwao na amezoea kukagua ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja. Alitueleza kwamba ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi, ambayo wengi wetu tunairuka ili macho yafike upesi kwenye kiasi na salio, imebeba tarehe ndani yake. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ya tatu ni siku. Mwaka 2019 ulikuwa N, na kila mwaka unasonga herufi moja, kwa hiyo 2024 ni S. Januari ni A, Desemba ni L. Siku ya 1 hadi ya 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha 10 inakuwa A, 11 inakuwa B, mpaka 31 ambayo ni V. Tulichimbua simu zetu, za mama zetu na ya jirani muuza mboga, na kila ujumbe ulitii.

Basi hadithi ikajitunga. Mweka hazina wa chama anatoweka tarehe 12 Desemba 2024, msimu ule ambao vyama vingi vinagawana fedha. Mwenyekiti anasambaza kwenye kundi la WhatsApp ujumbe anaodai alitumiwa na mama huyo usiku uleule: shilingi 240,000 zimehamishwa kwenda namba isiyojulikana, tarehe 12/12/24. Mtaa mzima unamhukumu mama kuwa mwizi, na binti yake ndiye anayetafuta ukweli. Lakini namba ya muamala inaanza na SLJ, yaani tarehe 19 Desemba, wiki nzima baada ya mama kutoweka. Kuna mtu aliyekuwa na simu yake, akahamisha pesa, akabadilisha tarehe kabla ya kutuma. Ungekuwa ujumbe wa kweli wa tarehe 12 ungeanza na SLC. Tofauti ya herufi moja. Nilipoona hilo nilijua tuna filamu, na jina likaja lenyewe: Salio.

Hapo ndipo utafiti ulipoanza kutubana, kwa sababu kidokezo kizuri huvuta maswali. Kiasi cha fedha, kwa mfano, hakikuchaguliwa ovyo. Tangu 2023 muamala mmoja wa M-Pesa hauvuki shilingi 250,000, na mtazamaji yeyote mwenye duka angecheka kuona nusu milioni ikihama kwa mkupuo. Kwa nini mwenyekiti alituma maandishi na si picha ya skrini? Kwa sababu ukinakili maandishi ya SMS unaweza kubadilisha chochote kabla ya kubonyeza kutuma, ila kuichezea picha kunataka ufundi, na mwenyekiti wetu ni mzee wa miaka sitini anayeandika kwa kidole kimoja.

Swali gumu zaidi tulimpelekea afisa mstaafu wa upelelezi anayeishi jirani na kina Mueni. Alitukaribisha chai, akasikiliza hadithi yote bila kutikisa kichwa, kisha akauliza, "Na huyo binti wa mweka hazina, kwa nini haendi kwa kampuni ya simu aombe rekodi?"

"Mzee, hilo ndilo tulilokuja kukuuliza," nikasema.

Akacheka. Alitueleza kwamba rekodi za mtu mwingine hazitolewi dukani hata kama ni mama yako. Polisi wenyewe huenda kortini kuomba amri, na hilo huchukua muda. Muda huo ndio filamu yetu. Alitupa pia kitu ambacho hatukuwa tumekiwaza: namba ya OB. Unaporipoti kituoni, tukio lako linaandikwa kwenye daftari na unapewa namba inayofuatwa na tarehe ya siku hiyo. Tukamwandikia binti, ambaye tulimpa jina Zawadi, karatasi ndogo yenye namba ya OB ya tarehe 13 Desemba, iliyobandikwa kwenye friji tangu shoti ya kwanza. Mtazamaji anaiona kama pambo la huzuni. Baadaye ndiyo inayothibitisha kwamba siku ya muamala mama alikuwa tayari ameripotiwa kupotea.

Mzee huyo alitushauri jambo jingine, kwa sauti ya mtu aliyeona mengi: tusivalishe mwigizaji sare ya polisi, na tusibebe bastola ya kuchezea mtaani. Kuvaa sare bila kibali ni kosa kisheria, na bastola ya plastiki jioni Eastlands haitofautiki na ya kweli. Wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huvaa nguo za kiraia hata hivyo. Shati lililochomekewa na faili ya kahawia vilitosha, na vilitugharimu sifuri.

Kuhusu taharuki tulibishana sana. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut, katika mazungumzo yao marefu ya 1962, mfano wa bomu chini ya meza: watazamaji wasipojua lipo wanashtuka kwa sekunde chache, wakijua lipo basi mazungumzo ya kawaida kabisa yanawatesa. Otis aliupenda mfano huo kupita kiasi. Alitaka tuonyeshe mapema kwamba simu ya mama iko kwa mwenyekiti. Mimi nilikataa, maana fumbo lingekufa dakika ya pili. Suluhisho lilitoka kwa Mueni, tena akiwa anaosha vikombe. Kila Zawadi anapompigia mama yake anajibiwa ile sauti tunayoijua sote, kwamba mteja hapatikani. Mara moja tu, simu inaita. Tunakata kwenda kwenye droo iliyo wazi, skrini inawaka bila mlio, juu ya kitambaa cha kufuma chenye maua ya zambarau. Hatuonyeshi droo ni ya nani. Shoti tatu mbele, Zawadi anaenda kuomba msaada kwa mwenyekiti, anaketi, analetewa chai, na kiti kizima kimefunikwa vitambaa vya zambarau. Yeye hana habari. Mtazamaji anayo. Kila nyumba ya wazazi wetu ina vitambaa vile, kwa hiyo hakuna atakayevishuku mara ya kwanza.

Mshukiwa wa kupoteza watu njia ni msimamizi wa ploti, yaani jengo la nyumba za kupanga, mwenye funguo zote na tabia ya kupanda paa usiku. Kanuni yangu hapa ni kali: mshukiwa asiye na hatia lazima awe na siri yake ya kweli, la sivyo umemdanganya mtazamaji. Msimamizi huyu anafyonza maji ya matangi usiku na kuyauza. Mgao wa maji Nairobi unajulikana, mitaa mingi hupata maji kwa siku zilizopangwa, na ile ngurumo ya tangi likijaa usiku wa manane tulitaka iwe sauti ya filamu nzima. Mueni alipanda paa na kinasa sauti, akarudi na rekodi ambayo bado inanisisimua mwili. Alituletea pia ratiba ya kelele: spika za kanisa zinaanza lini Ijumaa, matatu za mwisho zinapita saa ngapi, nani ana mbwa. Ratiba hiyo ilipanga siku zetu za kupiga picha kuliko upatikanaji wa waigizaji.

Mwanga una hesabu yake. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua linazama karibu wakati uleule mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na ule mwanga wa buluu wa magharibi unadumu takriban dakika 20. Ukipanga shoti nne za jioni kwa siku moja umejidanganya. Sisi tulipanga moja. Julai tuliichagua kwa makusudi, kwa sababu mawingu ya msimu wa baridi hulainisha mwanga mchana kutwa na kila uso unaonekana unaficha kitu. Ndani ya nyumba, Otis aliweka kamera fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50 ya sekunde, kwa kuwa stima yetu ni ya hezi 50. Ukiacha mpangilio wa 30 na 1/60 ambao kamera nyingi huja nao, taa za ngazi zinaweza kutia michirizi kwenye picha. Hilo ni jambo la kujaribu mapema, katika ngazi ileile utakayotumia, na balbu zilezile.

Kulikuwa na wazo la kupiga picha Makumbusho ya Reli, kwenye behewa ambamo afisa wa polisi wa reli Charles Ryall aliuawa na simba kituoni Kima mwaka 1900. Ni hadithi ya kuogofya na behewa bado lipo pale. Nililikataa. Behewa lile lina fumbo lake kubwa kuliko letu, na mtazamaji angetoka akiuliza habari za simba. Tukabaki na ploti moja, ngazi moja, paa moja. Christopher Nolan alipiga filamu yake ya kwanza ndefu, Following ya 1998, siku za wikendi na marafiki zake, kwa bajeti ya dola elfu chache, na unaona jinsi uchache wa mahali unavyoibana hadithi vizuri.

Karatasi za serikali nazipitia haraka. Sheria ya filamu, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani. Barua ya chuo, muhtasari wa skripti na orodha ya maeneo ziwe tayari mapema. Shoti za katikati ya jiji tulizifuta zote. Ukisimamisha tripodi pale utaulizwa na kanjo, askari wa jiji, na utaulizwa tena na walinzi wa kila jengo. Kwa mwenye ploti tulikwenda na Halima, kwa sababu anajua kuzungumza na wazee. Alimwita Baba, akamweleza saa tutakazofika na saa tutakazoondoka, na kwamba stima tutakayotumia tutainunulia tokeni wenyewe. Tokeni ndizo zilizomshawishi.

Jaribio la mwisho lilikuwa la kidokezo. Tulipiga picha za simu kwa kila shoti, tukazipanga na sauti za Mueni, tukawaonyesha majirani pale pale uani. Katika mpangilio wetu ujumbe unaonekana mara mbili. Kwanza kwenye kundi la WhatsApp, ambapo kila jicho linakimbilia 240,000. Kisha Zawadi anautafuta ujumbe wake mwenyewe wa tarehe 12, alipolipa dawa za mama kwenye duka la dawa, na kuziweka simu mbili sambamba: SLC na SLJ. Haongei. Nilikuwa nimemwandikia sentensi mbili za kueleza, na nilikuwa tayari kuzipigania, mpaka nilipomwona muuza mboga akitoa simu yake kwenye aproni na kuanza kusogeza ujumbe wake juu chini huku akimgusa jirani kwa kiwiko. Sentensi zote mbili nilizifuta usiku huo.

Mwalimu alisoma faili, akaitia saini, akauliza jambo moja tu: mwenyekiti aliijuaje PIN ya mama? Jibu liko ukurasa wa pili wa skripti. Ndiye aliyemsajilia laini.