Ulimpima mgeni, mtungi hukuupima

Siku ya nne leo, na maneno ya Nahodha wa boti yetu ya kupiga mbizi hayajanitoka. Wiki hii mdogo wangu kaolewa na mashine ya boti imebadilishwa, lakini mimi bado nimesimama pale kwenye ngazi, maji yananichuruzika.

"Mwalimu, ulimpima mgeni, mtungi hukuupima."

"Nimempima, Nahodha. Kilo 6 za risasi kiunoni za kumzamisha, maji yakamfika machoni."

"Mtungi wa hewa ulikuwa na baa ngapi?"

"Mia mbili, umejaa."

Akanyamaza, akaendelea kukunja kamba. Bora angenifokea.

Mnaijua ile meli, Great Northern, ya kulaza nyaya za simu baharini: imeundwa 1870, ikaishia kwenye mwamba wa Fungu, Unguja, mwaka 1902. Kina chake mita 12 tu. Mataruma yamevaa matumbawe, mikunga imo matunduni, taa wa madoa ya buluu wamejifukia chini ya mabati. Watu wakisikia 12 hudhani bwawa la hoteli. Kumbe maji mafupi ndiyo yanayoumbua. Hewa ya jaketi la kuelea ikitoka mita 30 hadi 20 huongezeka kwa theluthi. Ikitoka 10 hadi juu, huwa maradufu.

Na mtungi nao hupungua uzito. Wa alumini, lita 11, kutoka baa 200 hadi 50 umeshatoa lita 1,650 za hewa, karibu kilo 2. Kwa hiyo mgeni wangu alikuwa sawa kwa dakika kumi za kwanza. Ya 35, kwenye mita 5, akaelea kama dafu, na katika kuhangaika akashika chuma. Kutu ile inakata, na samaki mwenye miiba ya sumu hujificha papo hapo kivulini. Akikuchoma, dawa ya kwanza ni maji ya moto ya kustahimilika, nusu saa au zaidi. Bahati, glavu tu ndiyo iliyochanika.

Jana nimempima mwingine kwa mtungi uliojaa, kisha nikamwongeza kilo 2. Mwisho wa mbizi, geji inasoma 50, alitulia mita 5 dakika tatu nzima, mikono kifuani, hapandi hashuki. Nikacheka hadi maji yakaingia kwenye miwani. Nikapanda mbio nimwambie Nahodha. Yuko shetri, kofia usoni, anakoroma.

Jioni mama kapiga: mabati ya jikoni sijayapeleka, na kusini kumeshafunga weusi.