Siku yangu Lamu: mkondo wa maji, mkondo wa umeme

Saa moja asubuhi. Nililala kwa dada Manda, kisiwa cha ng'ambo, kwa hiyo siku imeanza kwa kuvuka. Maji yanakupwa. Mzee wa mashua haelekezi omo, yaani pua ya mashua, gatini. Anaelekeza pembeni kabisa, kule maji yanakotoka.

"Mzee, mbona waenda kule?"

"Maji yavuta, mwanangu. Nikilenga gati, nitakushusha Shela."

Tumetua pale pale gatini. Nimemlipa, nikaondoka na somo langu la leo mkononi.

Saa mbili na nusu. Kidato cha Tatu, vekta na skala. Kitabu kinasema skala ina ukubwa tu, vekta ina ukubwa na upande. Wote wameikariri. Nikafuta ubao, nikachora mashua. Maji ya kuvuka upana wake mita 600, mashua inakata maji mita 2 kwa sekunde, omo limeelekea ng'ambo moja kwa moja, na maji yanavuta kwa ubavu mita 1 kwa sekunde. (Tarakimu nimezibuni ili hesabu iwe nyepesi.) Itafika baada ya muda gani?

Karibu darasa zima likasema maji yataichelewesha. La hasha. Ni sekunde 300, dakika 5 kamili, kana kwamba maji yamelala. Kuvuta kwa ubavu hakupunguzi kitu katika kuvuka. Kunaisogeza tu mashua mita 300 chini ya gati. Na kasi yake halisi si 3 wala si 1, ni mzizi wa 5, yaani kama mita 2.24 kwa sekunde.

Anayetaka kutua gatini hasa ndiye anayechelewa. Itabidi aelekeze omo digrii 30 dhidi ya mkondo. Nusu ya mwendo wake inaliwa na kupambana na maji, za kuvukia zinabaki mita 1.73 kwa sekunde (si 1, maana vekta hazitoani kama namba tupu), na safari inakuwa sekunde 346 hivi. Yule mzee hizo digrii anazipima kwa jicho.

Kengele ikikaribia, msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mkondo wa maji ni vekta. Na mkondo wa umeme je? Nao si una upande?"

Nikajibu haraka: "Naam, vekta." Kengele ikalia.

Saa nne. Chai na mahamri, na hamri limenikwama kooni. Nimewadanganya watoto. Lugha yetu imeyapa maji na umeme neno moja, nami nikateleza nalo. Nilichukua karatasi nikachora waya mbili zinazokutana, kila moja ina ampea 3, na ya tatu inayotoka pale kwenye kiungo. Itapita ampea 6. Kunja zile waya zikutane kwa digrii 90, au 20, au zitazamane uso kwa uso: bado ni 6. Zingekuwa kani mbili, yaani nguvu za kuvuta, za nyutoni 3 kila moja, kwa digrii 90 ungepata 4.24, na zikitazamana zingeuana, sufuri.

Kwa hiyo mkondo wa umeme ni skala; upande peke yake hautoshi. Vekta hujulikana kwa jinsi inavyojumlishwa, pembe ikihesabiwa, na hapo ndipo ile fasili ya kitabu waliyoikariri inaponiudhi.

Saa sita kasorobo. Nikaomba dakika 5 za mwalimu wa Jiografia, nikarudi darasani. "Asubuhi nilikosea." Kimya. Nikachora waya. Yule msichana hakucheka, ila alikuwa tayari ameandika jibu langu la kwanza kwa kalamu ya wino, akalikata mstari mmoja mrefu.

Saa nane. Kusahihisha madaftari. Mishale isiyo na ncha, kumi na moja nimeihesabu. Mmoja ameandika kwamba jotoridi ni vekta kwa sababu huweza kuwa hasi. Hilo nalo la kesho: alama ya kutoa kwenye kipimajoto haielekezi kokote, ni chini ya sufuri tu.

Saa tisa na nusu. Miwani nimeisahau kwa dada, basi ni kurudi Manda. Mzee ni yule yule. Sasa maji yanajaa, na omo limegeuzwa upande wa pili, kuelekea Shela.

"Digrii ngapi, mzee?"

"Kaa katikati, mwalimu, chombo chalala."