Vifaranga wameingia Ujiji

Jamani, vifaranga wana kelele! Nimewachukua kwa bibi mmoja wa hapa mtaani, kuchi (wale kuku warefu) na kienyeji mchanganyiko. Umeme siuamini, kwa hiyo joto ni la chungu cha mkaa: mkaa ushike moto kabisa ndipo uingizwe ndani, na dirisha liwe wazi kidogo. Kipimajoto cha nini? Wakirundikana kwenye chungu, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani midomo wazi, joto limezidi. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle, tayari, tone moja jichoni, unamshikilia mpaka apepese. Ile ya I-2, aina mojawapo ya chanjo hiyo, hurudiwa kila baada ya miezi 3. Dagaa wa mwalo wa Kibirizi napepeta mchanga kwanza, nasaga, nachanganya na pumba za mahindi. Paka wa jirani naye kahamia kwangu. Kuchi siuzi, msiniulize bei.