Kalebu na Miaka 45 ya Kungoja

Kalebu alipotumwa kutoka Kadesh-barnea kwenda kuipeleleza Kanaani alikuwa na umri wa miaka 40, na alipomwendea Yoshua kuidai nchi ya milima aliyoahidiwa alikuwa ametimiza 85. Katikati hapo kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa Yoshua 14 tunalipita haraka mno: mtu huyu alizunguka jangwani pamoja na kizazi cha Waisraeli kilichokataa kuamini kwamba Mungu angewapa nchi hiyo, akabeba matokeo ya kosa ambalo yeye hakulitenda, akashuhudia watu wa rika lake wakifa njiani, wala Maandiko hayatuonyeshi popote alipomnung'unikia Mungu kwa kucheleweshwa. Tena hakuomba bonde lenye utulivu, ingawa kwa umri wake nani angemlaumu? Aliomba Hebroni, walikokaa Waanaki, watu majitu, wale wale waliowatia hofu wapelelezi wenzake.

Tofauti na Kalebu, Dema, aliyekuwa mtenda kazi pamoja na mtume Paulo, ananihuzunisha. Katika Wakolosai 4:14 anatajwa bega kwa bega na Luka, lakini tukifika 2 Timotheo 4:10 amekwisha kumwacha Paulo kifungoni na kwenda Thesalonike, kwa kuupenda ulimwengu huu. Hatuambiwi kwamba alipigwa wala kutishwa. Kinachotajwa ni upendo uliohamia kwingine, na naamini kwamba wengi wetu tunarudi nyuma kwa njia hiyo hiyo ya kimya.

Ndiyo maana katika sala zangu za alfajiri siombi tena msisimko wa siku zile nilipookoka, bali namwomba Bwana moyo usiogawanyika, utakaomtumikia hata katika majira ambayo majibu hayaonekani.