Kanga moja, bahari nzima

Kila Jumamosi jua likishapoa, nafagia uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba yetu hapa Temeke, na watoto wa mtaa wanaanza kuja. Muziki wetu ni ngoma moja na debe. Siwafundishi hatua za kucheza. Nawaambia tu: "Leo sisi ni feri ya Kigamboni."

Wiki iliyopita binti mmoja wa miaka saba, mzito wa kusema mbele za watu, alitandaza kanga ya mama yake chini, akashika pembe mbili na kuitikisa taratibu. Mawimbi! Wenzake wakapanda feri, mabega yakayumba pamoja, mmoja akawa mama muuza samaki, ndoo kichwani. Jirani yangu wa vitumbua akaepua chuma chake, akaja kushika pembe zilizobaki.

Nikakumbuka mdundiko wa Wazaramo, ngoma inayotembea. Inapita mtaani, ukiisikia unatoka ulivyo na kuifuata. Nami nimekua nikiifuata hivyo, mpaka bibi aje kunitafuta.

Jumamosi hii binti yule ameomba tuwe mvua ya masika. Debe nimeshaliosha.