GPA ya 2.5, na bado nikaingia uzamili wa ushauri nasaha

Nilimaliza shahada ya kwanza huku Kentucky, Marekani, nikiwa na GPA (wastani wa alama zote) ya 2.5. Waliosoma Tanzania wasichanganye: huku kipimo kinaishia 4.0, si 5.0. Programu nyingi za uzamili wa ushauri nasaha zinataka 3.0, kwa hiyo asije mtu akanifariji kwamba si mbaya. Ilikuwa mbaya.

Miaka miwili ya mwanzo nilichukua masomo ya kuingilia uuguzi, maana kwetu Tanga mtoto akienda Marekani anasubiriwa arudi nesi. Usiku nahudumia wazee, asubuhi nasinzia kwenye kemia. Krediti 60 za kwanza, yaani nusu ya masomo ya shahada, zikatoka na 1.9. Nikahamia saikolojia, 60 zilizobaki nikapata 3.1.

Nilidhani dawa ni kuipandisha ile 2.5. Nikarudi darasani kwa masomo manne, takwimu ikiwemo, nikapata A zote. Sasa piga hesabu: krediti 12 juu ya 120. GPA ikajikongoja hadi 2.64! Nusura nilie. Aliyenifungua macho ni mratibu wa programu moja niliyemwandikia kabla ya kulipa ada ya maombi. Alisema wao huangalia krediti 60 za mwisho. Kwa hesabu hiyo nilikuwa na karibu 3.3. Tangu siku hiyo sikulipa ada popote kabla ya kuuliza swali hilo.

Maelezo yangu binafsi ya kuombea chuo, nilivyoyaandika mara ya kwanza, yalisomeka kama tanzia. Mwalimu wangu mmoja, ambaye pia aliniandikia barua ya kunipendekeza, aliyafuta karibu yote. Habari za alama zikabaki sentensi mbili. Kwingine nikaandika juu ya ukalimani, maana siku zangu za mapumziko nilikuwa nawatafsiria wakimbizi wa Kongo kliniki. Mama mmoja alisema, "Moyo unaniuma." Daktari akaanza kuandika vipimo vya moyo. Nikaomba ruhusa nimuulize mama ana maana gani. Alikuwa anawawaza watoto aliowaacha nyuma.

Kwenye usaili hakuna aliyegusa kemia. Waliniuliza ilikuwaje kukaa katikati ya wale wawili bila kutia neno langu.

Niliomba vyuo vitano. Vitatu vilinikataa bila hata usaili, kimoja kikaniweka kwenye orodha ya kusubiri, kimoja kikanipokea kwa masharti: nisishuke chini ya B kwenye krediti 9 za mwanzo. Nikabakiza shifti za wikiendi tu, muhula mzima ukawa wa ugali na maharage, nikapita.

Sasa niko kwenye mazoezi ya vitendo ya saa 100, ambazo 40 lazima ziwe za kukaa na wateja wenyewe. Zikiisha, zinafuata 600 za mafunzo kazini. Mama bado anawaambia majirani kwamba nasomea unesi. Nimeacha kumsahihisha.